Nukta Nyekundu ya Mtumbwi wa Kumi na Saba

Nyavu za Given, kijana mvuvi, zilipotea kwa mara ya tatu siku ya Jumatatu, na kufikia saa nne asubuhi ufuko mzima wa Nchelenge ulikuwa umeshampata mwizi. Mwizi alikuwa Débora, yule Mkongomani wa kompyuta. Hakuna aliyemwambia usoni, lakini muuza barafu aliyezoea kumwamkia kwa kelele leo aliinama ghafla kukaza kamba ya kiatu, na alikuwa amevaa ndala.

Débora alikuwa na miaka thelathini na mmoja. Alizaliwa Likasi, mji wa migodi, akafanya kazi ya kompyuta Pweto, kisha vita vikamvusha mpaka akaingia Zambia na begi moja. Aliishi kambini miaka kadhaa akilima mihogo, kazi aliyoifanya vibaya na kwa uchungu, hadi ushirika wa wavuvi ulipotafuta mtu wa kutunza ramani yao. Ushirika ulimwandikia karatasi ya ruhusa ya kuishi nje ya kambi. Karatasi hiyo ilikuwa hai kadiri kazi ilivyokuwa hai, na yeye alilijua hilo kila asubuhi alipofungua mlango wa ofisi.

Ramani yenyewe ilizaliwa na msiba. Miaka miwili nyuma dhoruba ilichukua watu tisa, na waokoaji walihangaika siku nne wakitafuta upande ambao hakuna aliyekuwa amekwenda. Ndipo mradi kutoka Lusaka ukaleta vifaa arobaini, kila kimoja kikubwa kama kipande cha sabuni, vikafungwa kwenye mitumbwi arobaini. Kila dakika kumi kifaa kinatuma mahali kilipo na saa yake. Kwenye skrini ya Débora ziwa Mweru lilikuwa la bluu, na kila mtumbwi ulikuwa nukta nyekundu yenye namba.

Watu wa mradi walikuwa wabishi juu ya jambo moja tu. Ramani ilipaswa kufuata taratibu zinazotumika dunia nzima, ili programu yoyote ya ramani, iwe ya boti la uokoaji, ya ofisi ya wilaya au ya simu ya mtu, iweze kuuliza na kujibiwa. Walipaka anwani ya huduma hiyo kwenye ubao nje ya ofisi, kwa herufi kubwa, na chini yake maneno ya Kibemba ya kumkaribisha kila mtu. Débora aliipenda sana hali hiyo. Unauliza kwa njia inayojulikana, unajibiwa, na hakuna anayetaka kujua wewe ni nani. Kwa mtu aliyeonyesha vitambulisho kwenye vizuizi vya barabarani kuanzia Pweto, hiyo ilikuwa raha.

Sasa raha hiyo ilimgeukia. Mukuka, mwenyekiti wa ushirika, aliingia ofisini na wavuvi wanne nyuma yake.

“Ba Débora,” alisema, na heshima yote ilikuwa mahali pake, jambo lililomtisha Débora kuliko matusi. “Mutu akitega nyavu, nani anajua pale alitega?”

“Yeye mwenyewe, Baba.”

“Na nani tena?”

Débora aliitazama skrini. Wote waliitazama skrini.

“Na hii.”

“Na hii. Na nani anashinda mbele ya hii kutoka asubui mpaka mangaribi?”

Mvuvi mmoja nyuma hakungoja jibu. “Kule ngambo, ku Congo, beko ndugu zake! Anabapigia telefone, banakuya, banavuta nyavu, banaenda. Kamba zilikatika paka vile, kama kwa kisu!”

“Miye sina ndugu ngambo,” Débora alisema. “Wote balikufa ao balikimbia. Na juu ya nini niibie Given? Mama yake njo wa kwanza alinipatia samaki hapa.”

Mukuka aliinua mkono, kelele zikaisha. “Jumamosi tuko na mukutano. Ukituonyesha mwizi, mukwai, tutashukuru. Ukikosa, tunatoa hivi vifaa vyote, tunatupa ku maji, na weye unarudia ku camp.”

Walipoondoka, Débora aliigeukia skrini kwa hasira. Mitumbwi arobaini ilikuwa kwenye ramani, na mwizi aliuandama mmoja tu, wa kumi na saba, wa Given. Mtu alikuwa akiifuata nukta ile. Kama si yeye, alikuwa mwingine, na huyo mwingine lazima aliuliza mahali fulani.

Alifungua daftari la maombi, lile ambalo kompyuta huandika yenyewe kila inapoulizwa. Maombi mengi yalikuwa ya kawaida. Ofisi ya wilaya iliomba picha ya ziwa lote mara mbili kwa siku. Mtafiti fulani wa mbali aliomba njia za mitumbwi yote ya juma zima. Kisha akaona namba moja ya mtandao wa simu, isiyo na jina wala anwani ya mtu. Namba hiyo haikuomba ziwa. Iliomba mtumbwi wa kumi na saba peke yake: uko wapi, saa ngapi. Iliuliza kila dakika kumi, kuanzia mtumbwi unapoacha mchanga hadi unaporudi kuugusa, halafu ikanyamaza mpaka safari nyingine. Ilikuwa hivyo kwa majuma matatu. Nyavu zilianza kupotea juma la pili.

Débora alifurahi, na furaha yake haikuwa nzuri. “Nimekupata, mbwa weye,” aliiambia skrini.

Kuanzia saa hiyo hakuwa mtu wa kuishi naye. Aliteremka ufukoni kununua samaki asiowahitaji ili awaangalie wenye simu. Mnunuzi wa samaki kutoka Mansa alikuwa na simu mbili, na kwa nini mbili? Kijana wa kuchaji betri alimtazama sana. Hata Given mwenyewe alimpitisha kwenye chujio, kwani mtu anaweza kujiibia nyavu na kuziuza Chienge. Kwa siku mbili hakukuwa na mtu mwema Nchelenge, na Débora, aliyekuwa akilia usiku kwa kushukiwa bure, hakuona ajabu yoyote katika hilo.

Alimkuta Maggie, mama yake Given, akitandaza chisense mchangani, vile visamaki vidogo vinavyong'aa. Maggie alikuwa akiangalia simu ndani ya mkunjo wa chitenge chake. Alipomwona Débora aliificha haraka.

“Mwabuka shani, bamayo,” Débora alimwamkia.

“Bwino, mwana. Chumvi imepanda bei tena,” Maggie alijibu, na akaendelea na habari za chumvi.

Débora alijua kwa nini ni chumvi. Given alikuwa majini, na katika ufuko huo mtu aliye majini haulizwi habari zake. Hasemi anakokwenda, na walio nchi kavu hawamtaji mpaka mguu wake ukanyage mchanga. Jina la mtu huitwa juu ya maji kwa sababu moja tu, kwamba amezama, ili ziwa limwachie. Siku za mwanzo Débora, bila kujua, aliuliza mbele ya watu, “Given atarudia saa ngapi?” Maggie alimziba mdomo kwa kiganja kilichonuka samaki. Baadaye wanawake walicheka, lakini Maggie hakucheka. Mumewe alikuwa mmoja wa wale tisa wa dhoruba.

Débora alifikiri kidogo juu ya ile simu iliyofichwa. Kisha akajicheka. Mama gani humwibia mwanawe nyavu? Isitoshe, Maggie hakujua kusoma. Akampita.

Mtego aliupanga Jumatano, pamoja na Kalumba, mwendeshaji wa boti la injini la ushirika. Kalumba alikuwa mtu wa maneno machache na ndiye pekee aliyeendelea kumsalimia.

“Kama kifaa kikiharibika,” Débora alimweleza, “miye naweza kuweka nukta kwa mukono, pale mutumbwi uko kweli. Kesho nitaiweka pale haiko. Nitaipeleka ku kusini, pembeni ya mudomo wa muto, pale Given anapendaka kutega, na nitaiacha isimame. Mwizi ataona mutumbwi unakawia, atawaza nyavu ziko pale. Weye utajificha mu mafunjo.”

Kalumba alikuna kidevu. “Na bantu wengine? Wataona pia ile nukta.”

“Nani anaangalia? Miye na mwizi.”

“Mwezi huu upepo iko mubaya, Débora.”

“Upepo utamupiga mwizi.”

Kalumba akaenda kutafuta mafuta ya injini. Débora hakumwambia Mukuka, kwa kuwa Mukuka naye alikuwa na simu.

Alhamisi Given aliondoka alfajiri na wavu wa kuazima. Hakusema anakwenda wapi, kama kawaida. Kwenye skrini yake mwenyewe, Débora aliona nukta ya kweli ikielekea kaskazini, mbali na kusini kulikomlia nyavu tatu. Kwenye huduma ile inayojibu watu, aliipeleka nukta nyingine polepole kusini, hatua kwa hatua, kila dakika kumi, kwa ustadi uliomfurahisha mwenyewe. Saa moja na nusu aliisimamisha pembeni ya mdomo wa Luapula. Ile namba iliuliza, ikajibiwa. Baada ya dakika kumi iliuliza tena.

Saa mbili na nusu nukta ilikuwa bado imesimama, na upepo ulianza kutikisa bati la ofisi. Jambo jipya likatokea kwenye daftari. Namba haikungoja tena dakika kumi. Iliuliza kila dakika mbili, kisha kila dakika, kisha mara tatu ndani ya dakika moja. Kumi na saba uko wapi? Kumi na saba uko wapi? Kumi na saba uko wapi? Débora alisugua mikono. Mwizi ana tamaa, alijisemea.

Saa tatu kasorobo maombi yalikatika kabisa.

“Anakuya,” alimwambia Kalumba kwa simu. “Kaa tayari.”

Aliketi akiangalia nukta mbili. Ya kweli ilikuwa kaskazini kabisa, ikikaribia Puta, ambako bila shaka Given alikuwa amesikia bei nzuri. Ya uongo ilikuwa kusini, haitikisiki. Nje mawimbi yalikuwa yamefanya vichwa vyeupe. Ilipita saa nzima na nusu kabla simu haijalia.

“Mwizi wako amefika,” Kalumba alisema. Sauti yake ilikuwa ya ajabu.

“Nani? Beko wangapi?”

“Ni mwanamuke. Moja tu, mu kamutumbwi ya kupiga kafi. Amefika paka pale ulisema. Anasimama, anaangalia mu maji.”

“Anavuta nyavu?”

“Apana.” Upepo ulimeza maneno mengine. “Anaita, Débora.”

“Anaita nini?”

“Anaita Given. Anaita jina yake ku maji.”

Hapo Débora alielewa, yote kwa mkupuo mmoja: simu ndani ya mkunjo wa chitenge, majuma matatu, dakika kumi kumi, na ukimya kila mguu wa mtoto ulipogusa mchanga. Maggie hakuhitaji kujua kusoma ili kuitazama nukta nyekundu ikitembea. Mwanamke asiyeruhusiwa kumuuliza mtu alikuwa ameipata njia ya kuuliza ambayo haina mdomo. Na leo njia hiyo ilimwambia kwamba mtumbwi wa mwanawe umesimama pale pale kwa zaidi ya saa nzima, katika upepo ule, na kila mtu ufukoni anajua mtumbwi usiotembea katika upepo umepinduka.

“Enda kwake!” alipiga kelele. “Kalumba, enda! Ni mama yake!”

“Kamutumbwi kamepinduka,” Kalumba alisema, na simu ikakatika.

Débora alifuta nukta ya uongo. Nukta ya kweli ikarudi mahali pake, kule Puta. Lakini hapakuwa na mtu wa kuiona, maana simu ya Maggie sasa ilikuwa chini ya ziwa. Alikimbia hadi ufukoni, akasimama pale ambapo wanawake husimama, na kwa mara ya kwanza tangu afike Nchelenge alielewa kwa nini watu huzungumza habari za chumvi. Aliogopa kufungua mdomo.

Boti la Kalumba lilirudi saa saba. Lilikuwa likivuta kitu kikubwa cha kijani, nusu ya chumba kwa ukubwa: kisiwa cha mafunjo kinachoelea, kilichong'oka kutoka mdomo wa mto. Maggie alikuwa ndani ya boti, amefunikwa turubai, hai, macho yakiwa wazi na hayamwangalii mtu.

“Alishika paka haya mafunjo,” Kalumba aliwaambia watu waliojaa. “Yenyewe njo ilimubeba. Na muangalie kule chini.”

Wavuvi waliingia majini hadi kifuani, wakapindua mizizi. Nyavu tatu za Given zilikuwa zimejisokota humo pamoja na kamba zake, na samaki waliooza ndani yake. Visiwa vya namna hiyo hung'oka wakati wa mvua, na kila mtu hujihadhari navyo. Lakini mwaka huu maji yalikuwa yamejaa kupita kiasi na kuilegeza mizizi, na upepo wa kiangazi ukavikata katika mwezi ambao hakuna aliyevitarajia. Vilikuwa vikipita juu ya nyavu, kamba zikikatika kwa uzito, na watu wakitafuta kisu. Mwizi hakuwapo. Hakuwahi kuwapo.

Mukuka alizigusa zile kamba moja baada ya nyingine, kisha akamgeukia Débora na kuvua kofia. “Ba Débora, utusamehe, mukwai. Ramani imeonyesha.”

Watu walipiga makofi. Muuza barafu alimkumbatia. Walidhani Kalumba alitumwa kutafuta nyavu, na Maggie, ambaye alijua alichokwenda kutafuta, alikuwa ameshapelekwa nyumbani. Kalumba alimtazama Débora, kisha akaenda kulifunga boti lake. Débora alisimama katikati ya makofi yale, kazi yake imeokoka, jina lake limeoshwa, akatamani ardhi impokee.

Given alirudi jioni na mwanga bado upo, akipiga mluzi. Aliambiwa mama yake alikuwa amepinduka na mtumbwi, akatupa kila kitu na kukimbia.

Ijumaa asubuhi Débora alikwenda kwa Maggie. Alimkuta ameketi mlangoni na blanketi mabegani, Given amekwenda kushona nyavu. Débora hakukaa. Alijua akikaa hatasema.

“Bamayo, ile nukta haikuharibika. Miye njo niliiweka pale. Niliona mutu anauliza paka kumi na saba tu, kila saa, niliwaza ni mwizi. Nilikutegea mutego.”

Kuku walipita kati yao.

“Thelma njo alinitilia ile kitu mu simu,” Maggie alisema, katika Kiswahili chake cha sokoni. Thelma alikuwa binti wa dada yake, mwanafunzi Mansa. “Alinakili ile anwani ya ku ubao. Alisema, mama mukubwa, hii haidanganyi, hata bazungu wanatumia. Miye nilifurahi. Tangu bwana yangu alikufa, ilikuwa mara ya kwanza nalala usingizi.”

“Mama, nisamehe.”

“Nimekusamehe. Niko mukristo, nitafanya nini?” Alivuta blanketi. “Lakini weye unatoka Likasi, haujue. Miye nilimwita mutoto yangu ku maji, na yeye iko muzima, Débora. Kwa mudomo yangu. Nani atalirudisha lile jina?”

“Kesho nitasema ku mukutano,” Débora alisema.

“Usiseme. Wakijua naulizaka, watasema miye njo naleta bahati mbaya juu ya mutoto. Unyamaze.”

Kwa hiyo Jumamosi alinyamaza. Mukuka alisema mengi juu ya teknolojia, wavuvi walikubali vifaa vibaki, na Débora alipewa samaki wawili wakubwa mbele ya watu. Alipopita karibu na wanawake, Maggie alikuwa akipiga makofi kama wengine. Ndani ya juma hilo Débora alitumia mshahara wake kumnunulia Maggie simu, akatia ndani yake ramani ileile kwa anwani ileile. Maggie aliipokea kwa mikono miwili, akashukuru.

Jumatatu iliyofuata mtumbwi wa kumi na saba uliacha mchanga saa kumi na mbili asubuhi. Débora alikuwa ofisini tayari, daftari la maombi limefunguliwa mbele yake. Ofisi ya wilaya iliomba ziwa lote, ikapewa. Mtafiti wa mbali aliomba njia za juma, akapewa. Dakika kumi zilipita, na kumi nyingine, na kumi nyingine. Hakuna aliyeuliza kumi na saba.

Alitoka nje. Maggie alikuwa chini pale ukingoni, hatua kama hamsini, mikono mitupu, bila ile simu mpya, akilitazama ziwa kwa macho yake mwenyewe yasiyoweza kufika kokote. Débora alijua Given yuko wapi, bila kukosea hata urefu wa mtumbwi wake. Aliteremka, akasimama kando yake.

“Chumvi imeshuka bei,” alisema.

“Eee,” Maggie alijibu, bila kugeuka. “Nimesikia.”